Mwezi mmoja mlango umefungwa: mahamri, kodi na msaada wa serikali Mji wa Kale, Mombasa, 2020

Jumatano tarehe 6 Mei 2020, waziri wa afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kufungwa kwa mitaa miwili: Eastleigh jijini Nairobi na Mji wa Kale, Mombasa. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, kwa siku 15. Masoko na mikahawa yote ndani ya mitaa hiyo ilifungwa. Siku hizo 15 zilipokaribia kwisha zikaongezwa hadi tarehe 6 Juni. Mwezi mzima, na ndani yake nusu ya pili ya Ramadhani pamoja na Idi.

Nimeuchagua mwezi huo kwa sababu unaonyesha wazi jambo ambalo miezi mingine ya korona ililificha. Kwingineko biashara ilidorora polepole, na mtu angeweza kubishana kama tatizo ni wateja, kafyu au uvivu wa mwenye duka. Mji wa Kale serikali yenyewe ilifunga mlango. Swali likabaki moja: msaada uliotangazwa mwaka ule kwa wafanyabiashara wadogo ulimfikia mwenye mlango huo kwa kiasi gani?

Kulijibu, nitampitisha mwanamke mmoja muuza mahamri kwenye kila hatua iliyotangazwa, moja baada ya nyingine. Hesabu za kijiduka chake ni za mfano, nimeziweka karibu na hali za biashara za aina hiyo. Tarehe, sheria na hatua za serikali ni kama zilivyokuwa.

Mweke katika chumba cha mbele cha nyumba ya zamani Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, mlango unaofunguka barazani. Anaamka kabla ya alfajiri kukanda unga aliouchanganya jioni na tui, iliki na hamira. Jiko la makaa liko nje ukutani, karai juu yake, na sufuria ya mbaazi za nazi pembeni. Asubuhi anauza mahamri na mbaazi, alasiri viazi karai, bhajia na sambusa. Ana msichana mmoja anayemsaidia, anamlipa shilingi 400 kwa siku. Siku ya kawaida anauza shilingi 2,500. Unga, mafuta, nazi, mbaazi na makaa vinachukua 1,500. Kodi ya chumba ni 8,000 kwa mwezi, ambayo ukiigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 300. Ukitoa na malipo ya msichana, kinachobaki kwenda nyumbani ni kama shilingi 300 kwa siku, na nyumbani kuna watu watano, akiwemo mama yake mzee.

Mtaji wake wote ni shilingi 15,000. Nusu yake ni bidhaa ndani ya chumba, na nusu ni pesa kwenye mkoba mmoja. Mkoba huo ndio anaonunulia unga wa biashara, na ndio anaonunulia mchele wa nyumbani. Hilo la mkoba mmoja likumbuke, kwa sababu karibu kila kitu kinachofuata kinazunguka hapo.

Sasa tuiangalie Ramadhani yenyewe. Kwa muuza vitafunio wa Mombasa huo si mwezi wa kawaida. Asubuhi kijiduka hulala, lakini baada ya sala ya Alasiri baraza hufurika: kaimati za shira, sambusa, katlesi, viazi karai, vibibi. Mwezi huo ndio unaolipa leseni ya kaunti, ndio unaoziba madeni ya miezi mibaya. Mwaka 2020 kafyu ilianza saa moja usiku tangu tarehe 27 Machi. Magharibi huingia Mombasa mwezi wa Mei kiasi cha saa kumi na mbili na robo. Kwa hiyo mnunuzi alikuwa na haraka ya kufika kwake, na muuzaji alikuwa na haraka ya kufunga. Mwishoni mwa Aprili mikahawa iliruhusiwa kufungua tena kwa masharti, lakini saa zake zilikuwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi jioni. Yeyote aliyeipanga ratiba hiyo hakuwa anafikiria mji wenye watu waliofunga. Saa kumi jioni ndiyo saa karai linapopata moto.

Juu ya hayo watalii wa Fort Jesus walikuwa wamekwisha, kwa sababu ndege za kimataifa zilisimama tangu tarehe 25 Machi. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo hata yule mtoto wa mahamri mawili ya asubuhi hakuwapo. Kisha, siku 12 hivi ndani ya mfungo, mtaa ukafungwa.

Tuanze na hatua kubwa zilizotangazwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 25 Machi. Ushuru wa thamani ya ziada ulishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Ushuru wa mauzo, ule wa biashara ndogo, kutoka asilimia 3 hadi 1. Ushuru wa faida za kampuni ulishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, na wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 wakaondolewa ushuru wa mapato kabisa. Wakati huo zilisifiwa sana, na kwa wengi zilikuwa nafuu ya kweli.

Mpitishe mama wetu hapo. Mauzo yake ya mwaka ni 2,500 mara siku 26 mara miezi 12, yaani shilingi 780,000. Sheria iliyopitishwa mwezi wa Aprili iliweka ushuru wa mauzo kwa biashara za kuanzia shilingi milioni moja hadi milioni 50 kwa mwaka. Yeye yuko chini ya mstari, kwa hiyo punguzo halimhusu. Msichana wake anapata kama 10,400 kwa mwezi, kiasi ambacho hata kabla ya korona hakikuguswa na ushuru wa mapato. Kampuni hana. Inabaki ile asilimia mbili kwenye ushuru wa thamani ya ziada. Yeye hajasajiliwa kuutoza, lakini anaulipa anaponunua mafuta ya kupikia. Akitumia mafuta ya shilingi 500 kwa siku, punguzo hilo likimfikia lote ni shilingi 8 au 9. Kwa mwezi kama 220, iwapo duka la jumla lilishusha bei sawasawa na punguzo.

Na mwezi wa Mei? Sifuri, kwa sababu hakununua mafuta. Msaada unaopitia kwenye mauzo na manunuzi hauna njia ya kumfikia mtu aliyekatazwa kuuza na kununua. Hili lingeweza kuonekana mapema, siku ileile mtaa ulipofungwa, na lilistahili kuwa na jibu lake pembeni.

Tuje kwenye mikopo. Benki Kuu ya Kenya iliziruhusu benki kuongeza muda wa kulipa mikopo bila gharama za mabadiliko hayo kumwangukia mteja, na riba ya msingi ikashushwa hadi asilimia 7.25 mwezi wa Machi, kisha hadi 7 mwishoni mwa Aprili. Ni hatua iliyofanya kazi kwa kiwango kikubwa: hadi mwisho wa mwaka mikopo iliyopangwa upya ilikuwa ya shilingi trilioni 1.6 na zaidi, kupita nusu ya mikopo yote ya benki nchini. Sitaki mtu anisome kana kwamba naidharau. Mwenye lori, mwenye hoteli ya vyumba 20, mwalimu mwenye mkopo wa nyumba, hao walipumua.

Lakini deni la muuza mahamri haliko benki. Liko sehemu tatu: kwa mwenye duka la jumla, kwenye mchezo wa kina mama, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu, na kwenye simu. Kwa mwenye duka la jumla hakuna aliyetoa agizo, ni heshima yao wawili tu. La simu liliguswa kidogo. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 30 Septemba, mkopo uliochelewa kwa sababu ya korona haukumwingiza mtu kwenye orodha ya wadaiwa sugu, na mwezi huo wa Aprili wakopeshaji wa simu wasiosimamiwa walizuiwa kabisa kupeleka majina huko. Deni lilibaki palepale, ila jina lake halikuchafuka kwa shilingi elfu tatu. Hilo ni jambo la maana, maana jina likichafuka hata mwaka unaofuata hukopesheki.

Mchezo ndio ulioniumiza nilipoufikiria. Watu wanasema mtaa wenye umoja haufi njaa, na mara nyingi ni kweli. Mmoja akifiwa, akiugua, akiunguliwa na duka, zamu yake husogezwa mbele, anapewa kitita, anasimama tena. Mchezo umetengenezwa kwa balaa linaloangukia mtu mmoja. Mei 2020 balaa liliwaangukia wanachama kumi wote siku moja, wote wauzaji, wote ndani ya vizuizi vilevile. Aliyekuwa na zamu mwezi huo hakupata kitu, na hakuna aliyekosea. Kila ninaposikia viongozi wakisema wafanyabiashara wadogo wajiunge kwenye vikundi ndipo wasaidike, huwa nafikiria kikundi cha mtaa mmoja chenye wanachama wa kazi moja.

Mpango wa kudhamini mikopo ya biashara ndogo ulitajwa tarehe 23 Mei, ndani ya mpango wa kuchangamsha uchumi wa shilingi bilioni 53.7, na ukatengewa bilioni 3. Ulizinduliwa Desemba, kwa kupitia benki saba. Serikali ilibeba sehemu ya hasara, benki ikabeba iliyobaki, kwa hiyo benki iliendelea kuuliza maswali ya benki: usajili, leseni, taarifa za akaunti. Kwa Desemba mama wetu alikuwa ama amesimama tena miezi sita iliyopita, ama hayupo tena barazani. Sitakaa hapo zaidi.

Niliacha makusudi mambo madogo mpaka sasa. Ndiyo yaliyofika.

La kwanza ni ada ya kutuma pesa. Katikati ya Machi, kwa makubaliano na Benki Kuu, kutuma pesa kwa M-Pesa hadi shilingi 1,000 kuliondolewa ada, kwanza kwa siku 90, kisha ikasogezwa hadi tarehe 31 Desemba 2020. Lengo lilikuwa kupunguza kushikana noti mkononi. Kwa kijiduka cha mahamri lilifanya kazi nyingine kabisa. Fikiria daftari lake la madeni, lile la kurasa za mistari lenye alama za vidole vya mafuta: mchukuzi mmoja 70, fundi cherehani 150, mama wa nyumba ya pili 240, vijana wa duka la simu nje ya Mji wa Kale 600. Jumla kama 3,800. Mtu hatumi shilingi 150 akikatwa ada, atasubiri mpaka apite. Na sasa hawezi kupita, kuna askari kwenye kizuizi. Ada ilipoondoka, kudai kukawezekana bila kuaibishana: ujumbe mmoja wa salamu, na jibu linakuja na 150. Tuseme alipata 2,100 kati ya hizo 3,800. Kutoa kwa wakala bado kulikuwa na ada, lakini hakuhitaji kutoa. Alizirusha hivyohivyo kwa mwenye duka la jumla, vipande vya elfu moja moja.

Katika hatua zote za mwaka ule, hii ndiyo iliyokatwa kwa kimo cha biashara yake. Haikuuliza leseni wala usajili, na haikumtaka ajaze fomu. Ilitosha awe anauza vitu vya shilingi mia.

La pili halikuitwa msaada wa biashara hata siku moja. Kaunti ya Mombasa, chini ya Gavana Hassan Joho, iligawa vyakula kwa kaya. Serikali kuu nayo iliendelea na Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Kulikuwa pia na shilingi 1,000 kwa wiki kwa kaya maskini zilizochaguliwa, mpango ambao shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliukosoa mwaka 2021 kwa sababu walengwa wengi wa Nairobi hawakufikiwa na namna ya kuchagua haikuwa wazi. Mama wetu simpi hiyo elfu, maana waliokosa walikuwa wengi kuliko waliopata. Nampa mfuko mmoja wa chakula wa kaunti uliowalisha siku kumi, na 2,000 za mama yake mzee.

Sasa turudi kwenye ule mkoba mmoja. Kutoka tarehe 6 Mei hadi mtaa ulipofunguliwa tarehe 7 Juni ni siku 32. Watu watano wakila kwa shilingi 300 kwa siku ni 9,600. Kodi ni 8,000. Jumla 17,600, na mtaji ni 15,000. Yaani asiposaidiwa na mtu, mtaji wote umeliwa na deni juu yake. Kula mtaji ndicho kifo cha kawaida cha biashara ya mtaani, na huwa hakina tangazo. Siku moja tu unaona mlango umekaa hivyo, halafu anaingia mwingine anauza maganda ya simu.

Mfuko wa chakula ulioliwa siku kumi unaokoa 3,000. Pesa za mzee zinaokoa 2,000. Zinabaki 12,600 za kutoka kwenye mtaji, na mama anabaki na 2,400, ambazo hazifungui kijiduka. Ukiongeza yale madeni 2,100, ana 4,500. Bado kidogo mno. Kwa hesabu hii chakula cha kaya kimefanya kazi ya msaada wa biashara kuliko punguzo lolote la ushuru, kwa sababu mchele uliokuja kwenye mfuko ni unga ambao haukuliwa. Ila peke yake hakitoshi.

Kinachoamua ni ile 8,000.

Kodi ya chumba haikuguswa na hatua yoyote. Muswada wa kukabili janga ulijadiliwa Seneti mwaka 2020, ukiwa na vifungu vya kumlinda mpangaji aliyeshindwa kulipa, lakini haukuwa sheria. Kila mpangaji akaachwa na mwenye nyumba wake. Naweza kuyasikia mazungumzo hayo barazani, kila mmoja amesimama mbali na barakoa kidevuni. “Mzee, mwezi huu nivumilie, mtaa ukifunguliwa nitakulipa kidogo kidogo.” “Mwanangu, na mimi nala kwa kodi hiyohiyo.” Na ni kweli. Wenye nyumba wengi wa mitaa ya zamani si matajiri. Wengine ni wajane na wazee wanaotegemea vyumba viwili. Kumtaka mzee huyo asamehe ni kumbebesha yeye msaada ambao ulipaswa kutoka hazina.

Lakini kuna jambo moja ambalo mama wetu alikuwa nalo bila kujua. Kenya ina sheria ya zamani, Sura ya 301, inayolinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa. Asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, ndiye hasa inayemlinda. Mwenye nyumba hawezi kumwondoa wala kumpandishia kodi bila notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili kwa fomu maalumu, na mpangaji asipokubali, shauri huenda kwenye Baraza la kesi za kodi za majengo ya biashara. Kodi ikilimbikizwa miezi miwili, hiyo ni sababu ya kutoa notisi. Haimpi mtu ruhusa ya kupachika kufuli usiku. Kwa watu wengi niliowahi kuzungumza nao, kutokuwa na karatasi ndiko wanakodhani kunawaacha uchi. Kwa sheria hii ni kinyume. Kuchelewa mwezi mmoja, katika mwezi ambao serikali ndiyo iliyofunga mlango, hakukuwa sababu ya kumpotezea chumba.

Mwenye nyumba akikubali kungoja mpaka Agosti, hesabu inageuka: mtaji uliobaki unatoka 4,500 hadi 12,500. Hilo ni zaidi ya asilimia 80 ya alichoanza nacho, kwa kusogeza tu tarehe ya kulipa kodi ya mwezi mmoja. Ningekuwa na sauti mezani pale Mei 2020 ningeomba kitu kimoja: mitaa miwili iliyofungwa kwa amri, serikali ilipe kodi ya mwezi mmoja ya vyumba vya biashara moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa simu, kwa orodha ya mtaa ambayo mzee wa mtaa na mkaguzi wa kaunti wangeweza kuiandika ndani ya siku hizo 15 za mwanzo. Mzee angekula, mama angebaki na mtaji, na mtaa wenye mipaka ya vizuizi vya polisi ni rahisi kuuhesabu.

Mwaka 2022, tarehe 30 Novemba, ulizinduliwa Mfuko wa Hustler, mikopo ya kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa simu, bila karatasi, riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kwa upande wa kimo hapo pamejifunzwa kitu. Ila ni mkopo. Ungekuwapo Mei 2020, mama wetu angekopa, angekula ule mkopo ndani ya siku 32 asizoweza kuuza, na angefungua mlango akiwa na deni badala ya unga.

Jumapili tarehe 7 Juni vizuizi viliondolewa na kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Nikimfikiria asubuhi hiyo, namwona akikanda nusu ya unga wa zamani, kwa sababu hajui nani atapita. Msichana wake hajarudi bado. Karai analipangusa vumbi kwa kanga kuukuu, anawasha makaa, anafungua daftari ukurasa mpya na kuandika juu kabisa, kabla ya jina la mteja yeyote: kodi, 8,000.